Hodi Chini ya Mnazi wa Mwinjuma

Mama mmoja alikuwa na minazi sita, paka mmoja, na mwana mmoja ambaye hakuwapo. Jina la mama huyo ni Mwanamvua. Aliishi mwambao wa Tanga, katika kijiji ambacho nyumba zimesongamana na minazi imesimama katikati ya nyua. Huko mtoto akizaliwa, kitovu chake kikidondoka huzikwa, na hapo hapo hupandwa mnazi. Mti huo huitwa kwa jina lake, na nazi zake ni zake hata akiwa bado ananyonya. Mnazi uliokuwa karibu kabisa na jiko la Mwanamvua ulikuwa wa mwanawe, Mwinjuma.

Mwinjuma aliondoka akiwa na miaka ishirini na miwili. Aligombana na baba yake juu ya jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka sawasawa. Wengine husema lilikuwa shamba, wengine husema lilikuwa neno tu, lilitupwa wakati wa kula. Baba alisema toka, na mwana akatoka. Mnazijua nyumba zetu, ndugu zangu. Neno hilo husemwa mara kumi kwa mwaka na hakuna anayeondoka hata kufika barabarani, lakini siku ile mwana aliondoka. Alikwenda Mombo, akapata kazi ya kupasua mbao, akabaki huko. Mwaka wa pili baba yake akafa. Habari zilimfikia siku matanga yanaanuliwa, kaburi limekwisha kusawazishwa. Hakuja. Alituma salamu kwamba atakuja.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Jioni ya siku aliyoondoka, mama yake alifanya jambo ambalo watu wote walilisifu. Alitoka uani, akauwekea mkono mnazi wa mwanawe, akaapa mbele ya majirani kwamba hakuna mguu utakaoupanda mpaka Mwinjuma mwenyewe arudi aupande. Watu walilia. Walisema kweli huyu ni mama. Mkwezi wa kijiji, mtu aliyeitwa Kidege, ambaye ndiye aliyekuwa akimwangulia nazi, aliahidi kwamba mti ule hataugusa. Tangu hapo nazi zake zilianguka zenyewe na kuokotwa na aliyepita. Makuti yake yalikaukia juu, yakaning'inia, moja likalala juu ya jingine, kwa miaka sita.

Naye Mwanamvua hakutoka tena kijijini. Harusi ya mdogo wake hakwenda. Mazishi ya shangazi yake hakwenda. Alipoulizwa alijibu kwamba Mwinjuma asije akafika akakuta mlango umefungwa. Badala yake, kila aliyesafiri kwenda upande wa Mombo alipewa salamu za kupeleka, na salamu zenyewe zilikuwa hizi: mwambie mama yake chakula hakimshuki, mwambie mnazi wake haujaguswa na mtu, mwambie kaburi la baba yake halijamwona, mwambie kila Ijumaa anapikiwa wali, na kila Jumamosi wali huo unamwagiwa kuku. Alizituma kwa mapenzi, msimcheke. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba atakuja. Mwaka wa nne hata jibu likakoma. Majirani wakasema mtoto yule amefanya moyo wake jiwe, anaitwa na hasikii, na mama mtu akaanza kuamini hivyo.

Alichoacha Mwinjuma katika nyumba ile ni paka. Alimleta akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, mwezi mmoja kabla ya ule ugomvi, akamwita Tumbaku kwa sababu ya rangi yake. Mama alilala na paka yule miguuni pake. Alipopika alimkatia kipande chake kwanza. Alizungumza naye, akimuuliza kama anamkumbuka aliyemleta. Wewe unayetabasamu hapo nyuma, ngoja nyumba yako inyamaze, kisha uje uniambie unazungumza na nani.

Asubuhi moja mbwa wawili wa kupita waliingia uani. Tumbaku alikuwa amekwisha kuwa mzito, lakini hofu ilimsahaulisha uzito wake, akaukimbilia mti wa karibu akaupanda. Ulikuwa ule wa Mwinjuma. Alipanda mpaka juu, akapenya katikati ya makuti makavu, akatokea kileleni. Mbwa walifukuzwa kwa ufagio. Paka hakushuka.

Mama alimwita. Aliweka samaki chini ya mti. Jirani mmoja akaleta dagaa wa kukaanga, mwingine akaleta maziwa kwenye kifuu. Walitandika magodoro, wakashika shuka pembe zote nne, wakamsihi aruke. Kila mara paka alisogea mpaka ukingoni, akaweka mguu juu ya kuti kavu, kuti likateleza, akarudi juu akilia. Siku ya kwanza alilia sana. Siku ya pili alilia kidogo. Asubuhi ya tatu alikuwa anafungua mdomo na sauti haitoki, na jua lilikuwa la kiangazi, lile linalopasua hata vyungu vilivyosahauliwa uani.

Siku zote tatu Kidege alisimama pale na kamba yake begani. Alimwambia Mwanamvua kwamba anahitaji neno moja tu kutoka kwake, na kabla maji hayajachemka jikoni paka atakuwa chini. Mama hakulitoa. Wengine walianza kunong'ona kwamba ana moyo mgumu, na sasa wameona mwana alirithi wapi. Hawakujua kilichokuwa ndani yake. Alimpenda paka yule, na hakuwa amekula tangu apande. Lakini kukivunja kiapo, kwake yeye, kulikuwa kukiri kwamba mwana harudi tena. Kila alipofungua mdomo kusema panda, aliona kama anamzika Mwinjuma akiwa hai. Basi akaendelea kufanya alichokizoea, kusimama chini na kuita. Tumbaku, shuka. Shuka, Tumbaku.

Baada ya adhuhuri ya siku ya tatu akapita mgeni. Alikuwa na baiskeli, kofia mpya, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama mistari, kwa sababu alikuwa anakwenda kijiji cha mbele kumwoza dada yake. Baba yao alikuwa marehemu, na yeye ndiye aliyekuwa walii. Ndoa isingefungwa kabla hajafika. Alisimama kuomba maji ya kunywa. Alipokuwa anakunywa aliona watu wanatazama juu, naye akatazama juu. Hakuuliza paka ni wa nani. Aliuliza kama kuna kamba.

Aliegemeza baiskeli ukutani. Alivua kofia, akavua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akabaki na fulana na kaptula. Akavua na viatu. Ndipo watu walipoiona miguu yake. Nyayo zilikuwa ngumu na zimepasuka, na juu ya vifundo palikuwa na alama nyeusi iliyoachwa na kamba ya miaka mingi. Alikuwa mkwezi. Kidege, ambaye ana miguu kama ile, alimpa kamba na panga bila kufikiri. Hakuna aliyemwambia habari ya kiapo. Kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia.

Sasa sikilizeni, ninyi ambao hamkukulia pwani. Mkwezi hapandi kimya kimya. Mtu akiwa juu ya mnazi huona nyua zote, na uani kuna wanawake wanaooga na wanaosukana nywele. Kwa hiyo kabla hajapanda huweka mkono kwenye mti akapiga hodi, kwa sauti ya kufika nyumba ya tano, kisha akangoja. Wanawake hujifunika, na mwenye ua humjibu. Asipojibiwa hapandi. Akipanda bila kujibiwa, watu hawamwiti mkwezi tena, wanamwita jina jingine. Mgeni aliweka kiganja chake kwenye mnazi wa Mwinjuma, akapiga hodi.

Hodi ya mti ule ilikuwa haijasikika miaka sita. Aliyekuwa akiipiga ni Mwinjuma, ambaye alijifunza kukwea kwenye mti wake mwenyewe, na ambaye tangu alipokuwa na miaka kumi alipiga hodi kwa sauti kubwa hata siku ambazo hapakuwa na mtu uani isipokuwa mama yake anayekuna nazi. Mama alikuwa akicheka, akijifunika kanga, akimjibu kama anamjibu mkwezi mkubwa. Sasa watu wote walimgeukia. Kidege alitazama chini. Mgeni alingoja, hajui kwa nini pamekuwa kimya. Akapiga hodi mara ya pili, na kule juu paka akafungua mdomo wake usiotoa sauti.

Mwanamvua alivuta kanga akajifunika kichwa. Kanga ikaanguka, akaiokota, akajifunika tena.

"Panda, mwanangu," alisema.

Yalikuwa maneno yale yale aliyokuwa akimjibu Mwinjuma. Kisha akaingia ndani haraka, akatoka na kanga kuukuu, akampa mgeni ya kumfunikia paka. Mgeni akaitupia begani, akaanza kupanda.

Alipofika chini ya makuti alisimama, kwa sababu hapakuwa na njia. Alichomoa panga akaanza kukata. Makuti yalianguka, moja baada ya jingine, na pamoja nayo makarara ya maua yaliyooza, viota vya panya, na nazi kavu ambazo ndani hazikuwa na kitu. Watu walirudi nyuma. Wengine walikimbilia barazani. Uchafu wa miaka sita ulijaa uani mpaka ukaziba mlango wa jiko, na vumbi lake likawakalia wote vichwani, na wa kwanza aliyepiga chafya alikuwa yule aliyesema mama ana moyo mgumu.

Kisha akamfikia paka, na paka akamkwaruza. Hakumjua. Aliona mtu tu anamjia mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Alimkwaruza mkononi, kifuani na shavuni, na mgeni hakuuondoa mkono wake, wala hakumshika kwa nguvu. Alikaa naye pale juu kitambo, akimsemesha kwa sauti ambayo walio chini hawakuyasikia maneno yake. Wakati huo mwenzenu alikuwa na ndoa inayomngoja, na mashekhe wamekwisha kukaa mkekani. Paka alipotulia, alimfunika uso kwa kanga asione umbali wa ardhi, akamfunga kifuani, akaanza kushuka. Alishuka kinyumenyume, uso kwenye mti, kama wakwezi wote wanavyoshuka.

Mama alimpokea Tumbaku kwa mikono miwili. Paka alikunywa maji mpaka akatapika, akanywa tena. Ndipo machozi ya mama yalipotoka, na yalitoka pamoja na lawama, kama yanavyotoka kwetu sote. Alilalamika kwa mgeni kwamba paka huyu ni mkaidi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba siku tatu, asubuhi na jioni, amemwita kwa jina lake, na hakutaka kusikia.

Mgeni alikuwa ameinama, anajifuta damu shavuni kwa maji ya kata. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Alikuwa anakusikia, mama. Hakujua kushuka, na makuti haya ndiyo yaliyomzibia njia."

Alilisema kama mtu anavyosema habari ya paka. Alinawa, akavaa kanzu yake, na tone moja la damu likapenya likaonekana kifuani. Walimpa nazi mbili, ujira wa mkwezi. Akakataa nazi, akakubali dafu, akanywa nusu, akauliza kama njia ya mkato kupitia mikoko inapitika kwa baiskeli. Waliambiana kumuuliza jina lake alipokwisha kupotea kwenye kona.

Watu walitawanyika. Kidege alitaka kubaki asaidie kuondoa uchafu, mama akamwambia amwache. Akabaki amekaa katikati ya makuti, paka mapajani, hata adhana ya alasiri ikapita. Alichukua kuti moja akalitazama, akalijua. Hili lilikuwa kaburi la baba yako halijakuona. Akachukua jingine. Hili lilikuwa chakula hakinishuki. Na hili, wali uliomwagiwa kuku. Miaka sita alidhani anamwekea mwanawe mlango wazi, kumbe kila msafiri aliyempa salamu alimpa kuti kavu la kwenda kumtundikia. Alimwona Mwinjuma huko Mombo akisogea ukingoni, akiweka mguu, mguu ukiteleza, akirudi alipokuwa. Alikuwa anamsikia. Siku zote alikuwa anamsikia. Hapo hamu ya kumwona ilimshika. Aliitamani sauti yake, akatamani jinsi alivyokuwa akisugua nyayo zake kwenye shina la mti kabla ya kuingia jikoni, akatamani hata zile kelele zake za kuomba ukoko. Alilia kwa sauti, na safari hii hakumtumia mtu yeyote kilio hicho.

Kesho yake asubuhi alimwita Kidege. Alimwambia aupande mti, ausafishe mpaka ionekane mbingu katikati yake, na aangue nazi zilizokomaa. Alichukua mbili. Alimpa Kidege paka na maelezo marefu juu ya samaki gani anakula na gani hali. Kisha akafanya jambo ambalo kijiji hakikuwahi kuliona tangu mwana aondoke. Alifunga mlango kwa kufuli. Majirani walimuuliza, je, Mwinjuma akija leo akakuta pamefungwa? Alijibu kwamba akikuta pamefungwa atajua mama yake amekwenda kumtafuta.

Njiani alikuwa na maneno mengi ya kusema, maana miaka sita si siku sita. Aliyapanga, akaanza kuyaacha. Kaburi aliliacha. Wali aliuacha. Alipofika Mombo alikuwa amebaki na nazi mbili na jina la mtu. Wapasua mbao walimwonyesha vyumba vilivyo mstari mmoja nyuma ya kiwanda, wakamwambia ni kile cha mwisho. Walimwambia pia kwamba yule ni mtu mpole, hazungumzi sana, na siku za sikukuu hukaa peke yake.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nje palikuwa na viatu vya mwanamume vimejaa vumbi la mbao. Mwanamvua aliinama akavigusa kwa ndani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeichimba ngozi vile vile, kwa upande, kama kilivyoharibu viatu vyake vyote tangu utotoni. Alivipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaviweka sawa. Hakuita jina lake. Hakumwambia atoke. Aliweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, akapiga hodi, akangoja.

Ndani, kijiko kilichokuwa kinagonga sufuria kikanyamaza. Mama akapiga hodi mara ya pili.

Najua mnataka niwaambie kama alijibiwa. Hilo sitawaambia, kwa sababu jibu ni la Mwinjuma, na huenda bado amesimama nyuma ya mlango ameshika kijiko. Mimi ninalo swali moja tu, kisha mwende nyumbani. Huyo wako unayesema umemwita miaka yote na hasikii, ni lini uliivua kanzu yako ukamfuata huko juu aliko?